Dumu la Fodeh

Kaka yangu Landing alikuwa fundi cherehani pale Basse, mji wa Gambia. Virusi vya homa ya ini aina ya B alizaliwa navyo, na ini lake lilikuwa limeshaanza kukakamaa, lakini vidonge vya hospitali vilimweka wima. Alishona, alitania wateja, alikula wali kwa mchuzi wa karanga kama sisi sote.

Kisha Fodeh, mjomba wa mkewe Sirra, akaja na dumu la maji ya kijani.

“Mkwe, vidonge vya maisha ni utumwa. Kunywa hii uoshe ini.”

“Mjomba, daktari alinikataza miti shamba.”

“Huyo daktari ndiye aliyekuoza mke?”

Tulicheka, hata mimi. Landing akanywa, na vidonge akaacha.

Haukupita muda mrefu, macho yakawa manjano kama kiini cha yai. Tumbo likavimba, akatapika damu. Tukamkimbiza hospitali.

“Ini lilikuwa limechoka tayari, tena ameacha dawa,” daktari alituambia. “Sasa limevamiwa na homa nyingine ya ini, ile inayopatikana kwenye maji yenye kinyesi. Maji anakunywa wapi?”

Nikaenda kwa Fodeh. Kisima chake kilikuwa kimepakana na choo cha shimo ambacho ukuta wake ulishabomoka. Uozo ulikuwa ukichuruzika kuelekea kisimani, funza wakitambaa ukingoni. Yeye alikuwa akikoroga majani ndani ya ndoo kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko, inzi wakielea juu.

“Karibu, Nyima! Umekuja kumchukulia nyingine?”

Nikageuka, nikarudi hospitali mbio.

Landing alipotewa na akili. Akawa anamwita Sirra kwa jina la marehemu mama yetu, kisha akalala usingizi usioamshika. Tukamzika.

Matangani Fodeh alikaa mbele, akitafuna nyama ya mbuzi na kuwauzia waombolezaji dawa yake. Nikamjazia kikombe kutoka dumu lake mwenyewe.

“Mjomba, shushia.”

“Leo nimefunga, mwanangu,” alisema, mafuta yakimtiririka kidevuni.

Watu waliinamisha macho. Sirra peke yake ndiye aliyesimama, akaondoka na wanawe kwenda hospitali kuwapima homa ya ini. Wote walikuwa salama.

Shangazi yangu alimsubiri Fodeh mlangoni, akamwomba amwekee chupa mbili.