Kina Mama Wanaoitikiwa

Kesho yake Bibi alikuwa apasuliwe koo, na daktari hakuwaficha: sauti huenda isirudi. Ndiyo maana mjukuu wake, fundi mitambo wa redio, alifika asubuhi na begi la vinasa sauti. Akafunga madirisha, akazima friji, akatundika blanketi mlangoni. Hata saa ya ukutani akaitoa betri.

"Mke mwenzangu, unanizika mzima mzima?" Bibi akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nataka sauti safi, Bibi. Nitajie kina mama wote waliotutangulia. Mimi sitatia neno."

Bibi akajiweka sawa kitini. "Nimezaliwa na Mama Kicheko." Akanyamaza, akamtazama. Mjukuu akaweka kidole mdomoni. "Mama Kicheko," Bibi akarudia. Kimya. Macho yakamlengalenga machozi. "Majina hayaji, mwanangu. Yamepotea."

Mjukuu akaona amechelewa.

"Mama Kicheko, Bibi!" akaropoka, kinasa amekisahau. "Halafu?"

Uso wa Bibi ukachanua. "Kumbe mdomo unao! Mama alinitajia tukipepeta nafaka. Nisipolirudia jina, hanipi jingine. Haya. Mama Kicheko kazaliwa na Mshona Magunia."

"Mshona Magunia."

"Kazaliwa na Kiguu na Njia, hakukaa nyumba moja mvua mbili."

"Kiguu na Njia."

Basi yakaja yenyewe, yakifuatana. Mfinyanzi mwenye vidole vitatu. Asiyelala, aliyelea pacha wagonjwa mpaka wakasimama. Mjukuu akaitikia kila jina. Watu hawa hawakuwa na picha, wala kaburi linalojulikana. Walikuwa wamepita mdomo hadi mdomo, na sasa walikuwa ndani ya mdomo wake. Chumba akakiona kidogo, kama kimejaa wageni.

Wakafika kwa Mbeba Moto, aliyehama na makaa ndani ya chungu ili asiingie nyumba ya baridi.

"Na mama yake?"

"Simjui. Nyuma yake wapo wengi, ila hawakupata wa kuwaitikia."

Kikohozi kikamshika Bibi. Akanywa maji, akafuta midomo. Sauti ilibaki ndogo kama ya kitoto kichanga. "Sasa tangulia wewe."

Mjukuu akaanza: "Nimezaliwa na Muuguzi."

"Muuguzi."

"Kazaliwa na Bi Taratibu."

Bibi hakuwahi kusikia jina lake mwenyewe likitajwa kati ya hayo.

"Bi Taratibu," akaitikia polepole, kama anayetambulishwa kwa mtu mkubwa.

Mjukuu akaendelea.