Kifungo Kimoja kwa Kila Jibu

Binti yangu alingoja miezi saba kupata nafasi kwa daktari wa watoto. Mimi nilihitaji wiki moja tu kuiharibu.

Aliyenichokoza ni mwalimu wa chekechea. Eti mjukuu wangu haitiki akiitwa, hatazami watu usoni, kutwa anapanga vifungo. Huenda ana usonji, akapimwe. Mimi ni fundi cherehani, nyumba imejaa vifungo. Alitaka mtoto apange nini, matofali? Nikaapa mjukuu wangu habandikwi jina lolote nikiwa hai.

Basi binti yangu akienda kazini, mimi na mjukuu tunafunga mlango na kufanya mazoezi. Ukiitwa, sema "abee." Mtu akikusemesha, mtazame machoni, hesabu mpaka tano. Akipatia, kifungo kimoja. Alishika upesi kuliko wanagenzi wangu wote, nami nikajiona mjanja kweli.

Siku ikafika. Daktari, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, akamwita mtoto kwa jina.

"Abee!"

Nikamkonyeza binti yangu. Daktari akauliza habari za shule. Mjukuu wangu akamkazia macho.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano." Kisha akanyoosha mkono. "Kifungo changu."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, umefanya nini?"

"Mimi? Vifungo gani tena?" nikasema, na mkoba wangu ukalia cha-cha-cha mapajani.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akafanya kazi yake: akacheza na mtoto, akatuhoji sisi, saa mbili nzima. Ni usonji, akasema. Nikanywea.

"Lakini Bibi, kufundisha unajua," akaniambia. "Hatua ndogo, zawadi papo hapo, hata mimi ningewaelekeza hivyo. Ila umemfundisha yanayotupendeza sisi. Mfundishe aseme kinachomsumbua yeye."

Tulianza jioni ileile. Wiki ya tatu, nimekalia cherehani, yeye yuko chini ya meza amejiziba masikio, kama kawaida yake. Mimi siku zote niliona ni kiburi. Akatoka, akasimama mbele yangu.

"Bibi, cherehani inaniumiza masikio."

Miaka mitano namshonea kichwani mtoto huyu! Nikaondoa mguu kwenye cherehani, machozi yakanitoka, nikammwagia miguuni kopo zima la vifungo.

Akachagua kimoja cha bluu. Vingine akavirudisha koponi.

"Ni kimoja tu, Bibi."