Uzi Unaoyeyuka Wenyewe

Nilikuwa nimezaa kwa upasuaji. Nyumbani Ikuti, mama mkwe wangu, Tupokigwe, akachukua wembe akanikata nyuzi za mshono, eti zimekaa mno. Jioni mshono ukaachia. Tukarudi naye hospitali nilikozalia.

Nesi Sia alipouona mshono akamgeukia mama mkwe. “Bibi, uzi huo unayeyuka wenyewe. Nani kakutuma uuguse?”

Nilifurahi kusikia anafokewa. Nilikuwa na hasira naye.

Mama mkwe akajifunga kitenge upya, taratibu. “Mwanangu, nilipomzaa mume wa huyu nilishonwa hapahapa. Nilichelewa kuja kutolewa nyuzi, kidonda kikatunga usaha. Mlinisema mbele ya wodi nzima. Leo nimewahi, nasemwa tena. Uzi mmebadilisha, mlimwambia nani?”

“Tulimwambia mgonjwa mwenyewe,” nesi akajibu, akininyooshea kidole.

“Lini?” nikauliza.

“Ulipotoka tu chumba cha upasuaji.”

Hasira yangu ikamhama mama mkwe, ikamkalia nesi.

“Na dawa ya usingizi kichwani? Wakati huo nilikuwa sijajua hata kama nimezaa wa kike au wa kiume.”