Alama Moja Pungufu

Ernestine alikuwa amefundisha hesabu miaka tisa katika sekondari moja ya Mishamo. Kwa hiyo alipopata 146 kwenye sehemu ya hesabu ya mtihani wa kuombea shahada ya uzamili, hakumwambia mtu. Chuo alichokitaka kilihitaji 155. Kiingereza, alichokiogopa, alikuwa amefaulu vizuri.

Alikaa na aibu hiyo wiki mbili. Mwisho akamweleza Natalia, mwalimu wa Kiingereza mwenyeji wa Mamba, ambaye walitumia naye meza moja ofisini.

Natalia hakumpa pole. "Fanya maswali ya mazoezi hapa, nikuangalie," alisema.

Kesho yake walikutana kabla ya paredi ya asubuhi. Natalia akaweka simu mezani ihesabu dakika. Muda ulipoisha, Ernestine alikuwa amefanya maswali kumi na moja kati ya ishirini. Yote kumi na moja alipata.

"Madam, hatua zote hizi unamwandikia nani?" Natalia aliuliza, akigeuza karatasi. "Hili hata mimi nimeliona jibu kwa macho."

Ernestine aliitazama karatasi yake. Kila mstari ulianza na "kwa hiyo", kama ubaoni. Alikuwa akimfafanulia mwanafunzi wa dawati la nyuma, na mwanafunzi huyo hakuwepo.

Kuanzia hapo, kila asubuhi alijizoeza kukadiria, kufuta majibu yasiyowezekana, kuliacha swali gumu na kulirudia baadaye. Mwanzoni alijiona kama anaiba mtihani. Baada ya miezi miwili kasi ilikuja.

Siku moja, katikati ya kipindi cha milinganyo, Aurélie wa Kidato cha Tatu alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo umeruka. Siku hizi unaruka sana."

Darasa zima likamtazama. Ernestine alifuta ubao, akaanza upya polepole.

"Naacha," alimwambia Natalia mchana ule. "Nawaharibia watoto wa watu."

"Usiache. Hamishia mazoezi jioni, ukishamaliza vipindi."

Akafanya hivyo. Novemba alisafiri tena hadi Dar es Salaam, akafanya mtihani, na alama zikatokea kwenye skrini papo hapo: 154.

Safari hii hakuficha. Aliwaambia Kidato cha Tatu wote: ile 146, hii mpya, na 155 ambayo chuo kilihitaji.

"Imepungua moja tu?" Aurélie aliuliza.

"Moja tu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimetuma maombi hivyo hivyo. Nimewaandikia nilianzia wapi na nilifanya nini."

Chuo kilijibu Aprili. Alikuwa amekubaliwa. Natalia alipiga kigelegele mpaka mkuu wa shule akachungulia mlangoni. Ernestine alicheka naye, kisha akaketi. Furaha ilikuwepo, tena kubwa. Ila macho yake yalikuwa kwenye ratiba ya vipindi ukutani, akisoma majina ya walimu wenzake mmoja mmoja, akitafuta atakayewachukua wale watoto na kwenda nao taratibu.