Habari Niliyoitunza Siku Nane

Karatasi ya majibu niliipata Ijumaa, na wallahi simu nilishaishika nimpigie Haruna. Nikasema hapana, habari kama hii hapewi mtu kwenye simu, nataka niione sura yake.

Haruna ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, watani toka utotoni. Alipimwa mara ya kwanza akaambiwa hana mbegu za kiume hata moja. Akampa mkewe Ziada talaka moja, si kwa ugomvi, alitaka akazae kwingine. Ziada akarudi kwao analia. Mimi nasomea maabara Dar, chuoni tuna utafiti wa protini za kwenye manii. Nilimbembeleza Haruna mpaka akaja kupimwa tena kwetu.

Basi wiki nzima nina mitihani, karatasi iko kwenye daftari, nacheka peke yangu bwenini. Eda ya Ziada nilishaihesabu, miezi mitatu kamili, bado wiki mbili. Haruna atamrejea kwa neno tu. Jumamosi nikashuka Kikole, kijijini kwake, na keki.

Nikamkuta uani anachopoa korosho kwenye mabibo.

"Mtani, umekonda. Dar hawapiki?"

"Wanapika, ila hawakopeshi. Osha mikono, usome."

Alisoma, hakuelewa. Nikamwelezea mbiombio: homoni za damu ziko sawa, ila ile protini inayotoka kwenye mrija wa mbegu haipo kabisa. "Maana yake mbegu unatengeneza, binamu, njia tu imeziba. Daktari anasema upasuaji unaweza kuifungua. Kamrejee Ziada leo leo, eda haijaisha."

Akachukua bibo jingine, akachopoa.

"Eda iliisha Jumatatu."

"Miezi mitatu bado."

"Eda ya talaka ni tohara tatu za hedhi, si kalenda. Wewe mwanamke, msomi, hujui?" Hakuwa anatania. "Jana kaolewa, huko Rondo."

Nikakaa chini na keki yangu mapajani.

"Majibu yalitoka lini?"

Nilitaka kudanganya, lakini tarehe iko juu kabisa ya karatasi. "Ijumaa ile nyingine."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, mpaka Jumatatu. Vidole vitatu.

"Simu yangu ilikuwa hewani," akasema. "Hata shambani nilikuwa naenda nayo."

Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia. "Kaa nayo wewe. Ikibaki hapa nitaisoma kila siku."

Kisha akanisogezea gunia la mabibo. Tukachopoa korosho mpaka adhana ya alasiri, na hakunitania tena.