Turudishie Jina

Balozi alikuja kwenye kambi yetu ya wakimbizi kugawa mablanketi. Akasimama mbele yetu, akasema kwa Kibambara cha kuokoteza, "Mimi ni Traoré!" Watu wakapiga makofi. Jina hilo la ukoo alipewa kwa heshima na wazee wa mji wetu wa Ségou zamani, kabla nchi yake haijatuletea ndege za vita. Mimi sikupiga. Kwani ni nani aliyetufikisha kwenye baridi hii ya Mauritania?

Jirani yangu wa hema, Nyeleni Diarra, akainuka. Diarra na Traoré ni watani tangu enzi za mababu: hutukanana bila kununiana, hawamwagiani damu, na mtani akikuomba jambo, humnyimi.

"We mtumwa wangu! Mla kunde mkubwa!" akamwita. "Umefuata harufu ya sufuria yangu?"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Balozi naye akacheka, utani anaujua. "Mla kunde ni wewe, bibi! Mimi ndiye bwana wako!"

"Bwana gani! Mliivunja Libya, bunduki zake zikatushukia sisi. Mkaja kutuokoa dhidi ya bunduki hizohizo. Leo mablanketi! Mtu anachoma nyumba, halafu analeta mkeka?"

Vicheko vikapungua.

"Nina ombi, mtani," Nyeleni akasema, sauti imebadilika. "Ndege yenu ilimuua mwanangu Zoumana akipura uwele. Redio ikamwita gaidi. Sasa mjukuu wangu hachezi na mtu hapa, eti mtoto wa gaidi. Waambie hawa kwamba alikuwa mkulima. Basi."

Alisema kweli. Hata mzee Ladji Traoré, mcha Mungu wetu, aliwakataza wajukuu zake wasimkaribie mtoto yule.

Balozi akakohoa. "Bibi, suala hilo bado linachunguzwa."

"Sikuombi blanketi. Nakuomba neno."

Balozi akatazama saa yake. Nilitamani kumrushia kiatu, Mungu anisamehe.

Nyeleni akalikunja blanketi lake taratibu, akamwekea miguuni. "Basi turudishie jina. Traoré hamuui Diarra."

Balozi akaelekea kwenye gari lake. Hapo mzee Ladji akasimama kwa shida, ameegemea fimbo.

"Traoré ni mimi," akasema, "na mtani wangu ameomba. Zoumana alikuwa mkulima. Nilijua, nikaogopa redio."

Nyeleni akalia mbele yetu sote.

"Asante, mla kunde," akamwambia. "Lakini si wewe uliyemuua."