Folda ya Zanzibar

"Andika tena, Kissa mwanangu."

Nikaandika Zanzibar. Kwenye kioo ikasomeka vizuri. Nikafunga programu, nikaifungua. Jina la mteja wetu, Mwanakhamis, lilikuwepo, uzito ulikuwepo, lakini pa kwenda palikuwa patupu.

"Hata mashine yenu ya bara haitaki kuitaja Zanzibar," akasema. Mwanakhamis alikuwa amekalia robota lake mojawapo, viatu kavua.

Vitambaa alivinunua soko la Zhongda, sare za harusi ya binti yake. Mafundi wa Unguja walikuwa wanavisubiri, na gari la mwisho kabla ya harusi la kupeleka mizigo uwanja wa ndege wa Baiyun lilikuwa linaondoka saa kumi. Lebo hutoka kwenye programu hiyo. Ya kuandika kwa mkono ghala halipokei. Nilikwishamwomba laoban, bosi wa ghala. "Bu xing," akanijibu kwa Kichina. Haiwezekani, na akaendelea kunywa chai yake.

Jovin, aliyetutengenezea programu kwa lugha ya kompyuta ya Java, alifika akihema na laptop kwapani.

"Za Dar zinakubali?"

"Zinakubali," nikamwambia. "Za Zanzibar ndizo zinasahau ukishafunga."

Akafungua mafaili yake, akayapitia. Mimi huwa namtazama akifanya kazi, hivyo hatua zake nazijua kwa macho. Kwanza huandika klasi, yaani maelezo ya kitu: mzigo una mwenyewe, una uzito, una pa kwenda. Kisha klasi hizo huzipitisha kwenye hatua anayoiita kuboresha. Hapo huongezewa uwezo wa kujua kwamba kitu kimebadilishwa, ili badiliko likahifadhiwe. Bila hatua hiyo, badiliko huonekana kwenye kioo tu.

"Ah," akasema. "Mizigo ya Zanzibar niliiwekea folda yake. Si hata ghalani tunaitenga? Sasa kwenye mpangilio wa kuboresha nimetaja folda ya Dar peke yake."

Mwanakhamis akacheka kwa kukasirika. "Kumbe! Za Dar mmezisinga kama bibi harusi, zimepakwa liwa, zinanukia. Zetu mmeziacha uani na vumbi lao!"

"Nisamehe, mama. Nazisinga sasa hivi."

Akaongeza mstari mmoja kwenye mpangilio, akaijenga programu upya, klasi zote zikapita. Nikaandika Zanzibar, nikafunga, nikafungua. Ikabaki.

"Bahati hiyo," Mwanakhamis akasema. "Robota la pili nalo, funga ufungue nione."

"Mama, ikikubali moja zinakubali zote," Jovin akamwambia.

"Wewe ulisema hivyohivyo juzi. Mwanangu, funga."

Sikubishana naye. Kila robota niliandika, nikafunga, nikafungua, akasogeza uso akasoma mwenyewe, ndipo lebo ikatoka. Nje dereva akapiga honi. Laoban akaja mlangoni, akaonyesha saa yake, akawaita wapakiaji. Yalikuwa yamebaki marobota mawili, na kwa mwendo wetu ule muda ulitosha moja.

"Hili lina nini?" nikamwuliza.

"Sare za shoga zake binti yangu."

"Na hilo?"

Akalishika kamba. "Langu. La mama wa bibi harusi."

Jovin akasema tusihakiki, tuzitoe lebo zote mbili kwa pamoja, tutawahi. Mwanakhamis akamtazama, akanitazama mimi.

"La shoga zake," akasema. "Na ufunge ufungue kama kwa yale mengine."

Nikaliandika, nikafunga, nikafungua, akasoma. Gari likaondoka nalo. Yeye akavaa viatu, akalikalia robota lililobaki, akampigia fundi wake simu amwambie lile gauni la mwaka jana litolewe kabatini, lipanuliwe kidogo kiunoni.